Betri ya haibridi ina uniti 1.3 ila gari linatumia kakipande tu, zingine zinaenda wapi?

#1 TairiBapa

Wakuu salaam. Huu uzi nimeukalia wiki nzima, leo nauachia. Vuteni viti maana mi nikianza kuandika breki sina.

Kisa kilianza hivi. Nilinunua kale kadude kanakochomekwa chini ya dashibodi kusoma kompyuta ya gari langu la haibridi (lile lenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja), nikaweka programu kwenye simu, nikampa dogo asome huku mi naendesha. Kwenye kioo cha dashibodi betri imebaki vijistari viwili vya chini, vile vya zambarau, moyoni nasema hii imeisha. Dogo ananiambia "kaka hapa inasema asilimia 43". Nikamwambia soma vizuri. 43. Tukapanda, tukashuka mteremko mmoja mrefu, kioo kikajaa kijani mpaka juu kabisa, nikasema sasa hii ni mia. Dogo: "78". Tumezunguka siku nzima haijawahi kwenda chini ya 40 wala kuvuka 80.

Nilijisikia kama mtu aliyejenga nyumba ya vyumba kumi halafu akaambiwa ruksa kulala vyumba vinne. Nikaanza kuchimba.

Chukueni mfano wa Toyota Prius kizazi cha pili na cha tatu maana hizo zimefunguliwa mpaka basi, kila kitu chake kinajulikana. Betri ni ya nikeli, moduli 28 zimepangwa kama vitabu kwenye rafu, kila moduli ina seli 6, kila seli volti 1.2. Piga hesabu, seli 168, volti 201.6. Ujazo ampea-saa 6.5. Zidisha unapata wati-saa 1,310, yaani uniti moja na pointi tatu, uniti ile ile ya umeme wa nyumbani. Sasa kompyuta imepewa ruhusa ya kucheza kati ya 40 na 80 tu, kwa hiyo unachoweza kugusa ni kama nusu uniti. Nusu uniti jamani, pasi ya nguo ya wati elfu moja inaimaliza kwa nusu saa! Na hata hiyo nusu haitumiki yote, muda mwingi gari linapenda kukaa karibu na 60, linapanda kidogo linashuka kidogo kama mtu anavyopumua akilala.

Kwanini chini pamefungwa: seli zote zimeungwa kwa mstari, umeme ule ule unapita kwa kila mmoja. Hakuna seli 168 zinazofanana, lazima kuna mnyonge mmoja humo. Ukikamua betri mpaka mwisho mnyonge anaisha wa kwanza, ila wenzake bado wana nguvu na wanaendelea kusukuma umeme kupitia kwake, anageuzwa chanya inakuwa hasi. Seli ikigeuzwa hivyo mara kadhaa ndio imeenda.

Na juu napo pana yake. Nikeli ikikaribia kujaa haipokei tena chaji vizuri, umeme unaoingia unageuka joto na gesi, presha inapanda ndani, moduli inataka kuvimba. Ndio maana ukifungua hilo boksi unakuta moduli zimebanwa na vyuma huku na huku zisitanuke.

Kwa hiyo zile asilimia sitini tunazonyimwa ni kama ua wa nyumba. Hulali uani, ila ukiung'oa ng'ombe wa watu watakuja mpaka mlangoni.

Halafu kingine kilichonishangaza, hiyo nusu uniti inatosha. Gari la kilo 1,400 likiwa kwenye 100 kwa saa lina nguvu ya mwendo kama uniti 0.15. Ukisimama mpaka sifuri hicho ndicho cha juu kabisa unachoweza kurudisha, na hurudishi chote. Sasa ukiweka betri ya uniti kumi kwa kazi ya kushika hivyo vichenji si unabeba tu mzigo? Kasheshe ni milimani. Gari hilo hilo likishuka mita 100 za kimo linatoa karibu uniti 0.38, ukitoa za upepo na matairi bado mteremko wa maana unakujazia betri kabla hujafika chini. Ikijaa tu utasikia injini inanguruma wakati mguu hauko kwenye mafuta. Mara ya kwanza nilidhani gari limepagawa. Kumbe linauzungusha ule umeme wa ziada kwenye injini ili uishie huko, na mafuta haliunguzi.

Naomba wenye uzoefu mfunguke, hizi betri zinakufa kwa nini hasa? Umri, kilomita au uzembe wetu?

#2 Kifaranga_wa_Gia

Siti ya mbele kabisa. Fundi Nyaya akipita hapa mniite

#3 Mtata77

Mkuu umeandika vizuri ila hiyo ya "ua wa nyumba" ni chai ya watengenezaji. Mi betri yangu imekufa ikiwa na hiyo 40 mpaka 80 yao. Kama inalindwa ilikufaje? Si bora wangeniachia nitumie yote nijue moja

#4 FundiNyaya

Nimeitwa nimekuja. Mtata77 usikasirike kaka angu, nijibu maswali matatu. Gari lilikuwa na umri gani ulipolinunua, umewahi kusafisha feni ya betri, na unajua feni yenyewe iko wapi?

#5 Mtata77

Lilikuwa na miaka 11. Feni gani tena, ya rejeta?

#6 FundiNyaya

Haya nimeshapata jibu langu 😄

Sikilizeni. Hiyo betri inapoa kwa hewa ya ndani ya gari, ile ile mnayopumua nyie abiria. Kuna kitundu chenye vyuma kama cha spika pembeni ya kiti cha nyuma, magari mengine kama Toyota Aqua kiko chini ya kiti cha nyuma, feni inavuta hewa hapo inaipitisha katikati ya moduli. Sasa watu wanarundika mabegi pale, mtoto anasukumia karatasi, ukiwa na paka au mbwa ndio usiseme, manyoya yote yanaelekea kule kama yameitwa. Nimefungua feni nikakuta mapanga yake yamevaa kanzu ya vumbi, huoni hata rangi ya plastiki. Feni inazunguka inapiga kelele ila hewa haipiti.

Na joto ndio muuaji namba moja. Wanakemia wana kanuni yao ya kukadiria tu, kila nyuzi 10 zikipanda uchakavu unakaribia kuwa mara mbili. Halafu joto halisambai sawa, moduli za katikati zimebanwa na wenzake pande zote zinaiva zaidi ya za pembeni. Ndio maana nikifungua betri iliyokufa huwa naanza kupima katikati kabla sijagusa chochote.

Kwa hiyo mleta mada, ile 40 mpaka 80 inazuia kifo cha kukamuliwa na cha kujazwa kupita kiasi. Cha joto kinazuiwa na feni, na feni inasafishwa na wewe.

#7 ShangaziGari

Fundi ubarikiwe. Naomba niweke na langu wadogo zangu wajifunze. Mwaka juzi gari langu liligoma kuwaka, taa zote za dashibodi zimejaa kama harusi, nikalipeleka gereji moja jina nahifadhi, wakaniambia "mama betri kubwa imekufa tafuta nyingine". Nikalia. Nikampigia mpwa wangu akaja na kipimo akagusa ile betri ndogo ya kawaida ya volti 12, ikasoma 9 na kitu. Tukabadilisha hiyo ndogo gari likaamka mpaka leo linatembea!! Wengi hamjui haibridi ina betri mbili. Ile ndogo ndio inaamsha kompyuta, kompyuta ndio inafunga swichi za betri kubwa, kubwa ndio inazungusha injini. Ndogo ikilala, kubwa hata iwe imejaa haifanyi kitu. Pimeni ndogo kwanza jamani

#8 Kifaranga_wa_Gia

Shangazi umeokoa ukoo mzima hapa. Mi nina swali la kijinga, kwenye foleni ndefu huwa naweka N nasubiri, AC inafanya kazi. Kuna ubaya?

#9 FundiNyaya

Hilo swali sio la kijinga, hilo ni la kulia. Kwenye hizi za mfumo wa Prius ukiweka N zile mota mbili za umeme zinazoichaji betri zinakatwa, injini hata kama inaunguruma HAICHAJI betri. AC nayo inakunywa umeme kutoka betri kubwa. Kwa hiyo umekaa kwenye foleni nusu saa unaikamua betri kwenda chini huku hakuna kinachorudi, na ikishuka sana gari linakuzimikia na huwezi kuliwasha kwa kubusti maana betri ndogo sio inayozungusha injini. Acha kwenye D ukanyage breki au weka P. Kwenye P ikishuka injini itajiwasha yenyewe ijaze izime. Na mafuta yakiisha kabisa usiendelee kujivuta na umeme eti ufike kituoni, ni dhambi ile ile.

#10 Kifaranga_wa_Gia

Miaka mitatu nafanya hivyo 😭

#11 Tulizo_B

Alafu mnaongelea nikeli tu, ya lithiamu je? Mi nina wazo kwamba lithiamu inaruhusu kutumia sehemu kubwa zaidi so hata betri ndogo inatosha. Prius ya 2016 zile zenye lithiamu zina seli 56, volti 207.2, ampea-saa 3.6, ukizidisha ni uniti 0.75 hivi. Yaani imekatwa karibu nusu ukilinganisha na ya nikeli ya uniti 1.3 na gari halijalalamika. Ndio ujue namba iliyoandikwa kwenye boksi haikwambii kitu, ulizia inayotumika.

Na zile za kuchomeka ukutani ndio mfano mzuri zaidi wa uzi huu. Chevrolet Volt ya 2011 ilitoka na uniti 16 ila inayotumika ilikuwa kama 10 tu, asilimia 65. Watu walipiga kelele kuwa wanauziwa betri wasiyoitumia. Ila wale walikuwa na akili, betri ikichakaa wanakuwa na akiba ya kukatia, halafu waliipoza kwa maji. Linganisha na Nissan Leaf za mwanzo, hiyo sio haibridi najua, uniti 24, haina kipoza cha maji wala feni, na mwaka 2012 wenye magari hayo kule Arizona kwenye joto kali walikuwa wanalalamika vijistari vinapungua gari likiwa bado bichi.

Lithiamu inachukia vitu viwili, kukaa imejaa na kukaa kwenye joto. Vikikutana hivyo viwili kwa pamoja ndio balaa, mfano unajaza hadi mwisho halafu unaliacha juani siku tatu.

#12 Mtata77

Sawa nimeelewa ila bado. Mimi nimebadilishiwa moduli 2 tu zilizokuwa mbovu, fundi akasema zingine nzima. Miezi minne imerudi tena ile namba ya hitilafu P0A80. Nimeibiwa au?

#13 FundiNyaya

Hujaibiwa, umezibiwa pancha kwenye tairi lililoisha. Hizo moduli 28 zimezeeka pamoja, zimekula joto pamoja. Ukitoa mbili ukaweka mbili ngeni zenye ujazo tofauti, zinakuwa hazilingani na wenzake, hizi zinajaa mapema zile zinachelewa, kompyuta inaona tofauti kati ya makundi inakupigia kelele tena. P0A80 yenyewe maana yake betri nzima ibadilishwe, haikwambii ni moduli gani. Kwenye Prius ya kizazi cha pili na tatu kompyuta inazisoma mbili mbili, makundi 14, na kuna namba nyingine kuanzia P3011 mpaka P3024 zinazokutajia kundi lenyewe.

Anayefanya kwa heshima anatoa zote, anapima kila moja ikiwa imetulia na ikiwa na mzigo, hata taa ya mbele ya wati 55 inatosha kama mzigo, anaangalia inashuka kiasi gani kwa dakika ngapi, zinazofanana ndio zinakaa pamoja, halafu anaziunga sambamba zilingane chaji kabla ya kurudisha. Hiyo kazi inakula siku kadhaa. Akikwambia njoo jioni uchukue ujue amebadilisha mbili tu.

#14 Waya_Mwekundu

Napingana kidogo na fundi. Mi nilibadilisha moduli moja, huu mwaka wa pili gari linadunda

#15 FundiNyaya

Inawezekana, sikatai. Kama moduli moja ilikufa kwa ajali yake, labda ilivuja, na zingine bado zina hali nzuri, utapata muda. Ila mtu akija na gari la miaka 14 anataka moja tu namwambia ukweli kabisa kwamba tutaonana tena. Halafu kuna kingine watu wanakiruka, zile shaba zinazounganisha moduli huwa zinaota kutu ya kijani. Wakati mwingine betri ni nzima, kompyuta inasoma uongo kwa sababu ya ile kutu kwenye waya za kupimia. Nimeshasugua shaba tu gari likaondoka.

Na tafadhali msome hili kabla hamjakimbilia spana. Volti 200 za betri zinaua. Kile kishikio cha rangi ya machungwa ukikichomoa unakata njia kwenda kwenye gari, ila moduli zenyewe bado zina umeme wake, haziwezi kuzimwa. Unasubiri dakika kumi kapasita (zile zinazohifadhi umeme ndani ya mfumo) zitulie, glavu za umeme za volti 1,000 zilizo nzima na sio za kufulia, unavua pete, unavua saa. Kama huna hivyo vitu safisha feni, hapo ndio ishia.

#16 ShangaziGari

Fundi na je gari likikaa? Natarajia kusafiri miezi minne

#17 FundiNyaya

Shangazi, nikeli inavuja chaji yenyewe hata haijaguswa. Kitabu cha gari kinataka liendeshwe angalau mara moja kila baada ya miezi miwili mitatu, nusu saa au kilomita 16. Mpe mpwa ufunguo. Na hakikisha taa ya READY imewaka, sio kubonyeza kitufe tu ukasikiliza redio, hapo unaimaliza ile ndogo.

#18 TairiBapa

Nimerudi wakuu, uzi umenoga. Kwa wanaouliza "inadumu miaka mingapi", wale wa jarida la Consumer Reports la Marekani mwaka 2011 walichukua Prius ya 2002 iliyotembea zaidi ya maili 200,000, hiyo ni zaidi ya kilomita 320,000, betri ni ile ile iliyozaliwa nayo, wakailinganisha na matokeo ya Prius nyingine ya 2001 waliyoipima zamani ikiwa karibu mpya. Mpya ilitoa maili 40.6 kwa galoni. Nzee 40.4. Gari moja sio ushahidi wa yote najua ila lilizima kelele nyingi. Na Toyota wenyewe kule Marekani dhamana ya betri ilikuwa miaka 8 au maili 100,000, kuanzia modeli za 2020 wakapandisha ikawa miaka 10 au maili 150,000. Hakuna mfanyabiashara anayeongeza dhamana ya kitu kinachomlia hasara.

Ila nataka kuuliza kuhusu dalili. Ujazo ukipungua mtu anaonaje kabla ya taa?

#19 Tulizo_B

Angalia vijistari. Betri nzima inapanda na kushuka taratibu. Iliyochoka unatoka kijani mpaka zambarau kwenye kilima kimoja, halafu unateremka kidogo tu imejaa tena. Watu wanafurahi "yangu inajaa haraka", ndoo ndogo si ndio inayojaa haraka. Dalili nyingine feni inasikika muda mrefu na injini inajiwasha kila saa hata umesimama

#20 Mtata77

Wazee nimefungua feni. Nimelisafisha kwa mswaki, nimetoa kitu kama mtoto wa paka mzima, na mimi sina paka, manyoya ni ya paka wa aliyeniuzia gari. Pia nimeazima kale kadude ka TairiBapa kutoka kwa jamaa nimesoma makundi yote 14 gari likiwa limetulia. Naweka hapa fundi aone: kumi na tatu yote yapo 15.9 mpaka 16.1. Kundi la 8 linasoma 14.7.

#21 FundiNyaya

Umefanya kazi nzuri kuliko gereji ulizopita. Kundi lina seli 12, kila moja kama 1.33 inakupa 16. Wewe umepungukiwa 1.3. Hiyo ni seli moja imelala moja kwa moja, na kundi la 8 liko katikati kabisa kama nilivyosema. Zile mbili ulizobadilishiwa zilikuwa namba ngapi?

#22 Mtata77

Subiri nitafute risiti... ya 1 na ya 2. Za pembeni kabisa.

#23 FundiNyaya

Basi katikati hakupagusa kabisa. Jumamosi fungua boksi, piga picha shaba zote kabla hujalegeza nati hata moja, weka hapa.